Gari Ulipendalo Limekuwa Dogo: Mfanye Nini?



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengine hulichekelea, na pengine wewe pia utatabasamu ukilisoma. Ni habari ya gari. Si gari lolote tu, bali gari lile dogo la mbio ambalo mmoja wenu alilinunua kabla ya ndoa, akalipenda, akaliosha kila Jumamosi kwa mikono yake, na sasa watoto wamekuja na nafasi haipo. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini likiamuliwa vibaya, huacha kinyongo kinachokaa ndani ya nyumba kwa miaka, na mara nyingi wenye kinyongo hawajui hata kilianzia wapi.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana mmoja wa Nakuru aliajiriwa, akaweka akiba katika chama chake cha akiba na mikopo, na baada ya miaka kadhaa akanunua Mazda MX-5. Gari hilo, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1989, lina viti viwili tu. Buti lake halizidi lita 150, yaani mifuko miwili ya safari na limejaa. Liko chini sana, kiasi cha sentimeta 14 kutoka ardhini, na kila tuta la barabarani ni lazima lipandwe kwa upole kama mtu anayebeba mayai. Lakini ni jepesi, uzito wake ni tani 1 hivi, paa lake linafunguka, na usukani wake hutii mkono mara moja. Kijana huyo alimpeleka mchumba wake Naivasha kwa gari hilo. Sasa wameoana, na mtoto wa kwanza yuko njiani.

Wafanye nini?

Usiamuru, wala usidharau

Kosa la kwanza hufanywa na yule asiyelipenda gari. Humwambia mwenzake, "Baba watoto, hicho kidude cha ujana kiuzwe, umeshakuwa mtu mzima." Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini yamefungwa katika dharau. Anayeambiwa hivyo husikia kwamba kitu alichokitolea jasho ni upuuzi, na kwamba ndoa imekuja kumnyang'anya furaha yake. Atauza, naam, lakini atauza kama mtu aliyeshindwa kesi. Siku gari jipya litakapoharibika njiani, utasikia: "Si ni wewe uliyetaka?"

Kosa la pili hufanywa na mwenye gari. Huahirisha. Leo anasema tungoje mtoto azaliwe, kesho anasema tutakodi teksi siku ya kliniki, mtondo anasema mama na mtoto watangulie na matatu. Huyu naye hajakataa kwa mdomo, lakini mkewe anaona wazi nani anapanda gari na nani anasimama kituoni na mtoto mgongoni. Tena msidhani kwamba mwenye gari ni mume kila mara. Wako wanawake wanaopenda magari ya kasi, na waume zao wanaona haya kulitaja jambo hilo.

Kwa hiyo anzeni hivi. Asiyelipenda gari amwulize mwenzake kwa moyo mweupe: "Nieleze, unapenda nini ndani ya gari hili?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho. Na mwenye gari naye amwulize mwenzake: "Unaogopa nini tukibaki nalo?" Asikilize vilevile. Mkifanya hivyo jioni moja tu, mtakuwa mmefika nusu ya safari.

Usalama wa mtoto haujadiliwi

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja lisilo na mjadala. Mtoto mchanga husafiri katika kiti chake, kile kinachotazama nyuma. Kiti hicho hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo ukifunguka hukipiga kiti kwa nguvu inayoweza kumwua mtoto. Mahali pake pazuri ni kiti cha nyuma. Sasa gari la viti viwili halina kiti cha nyuma. Na hata kama mfuko wa hewa unaweza kuzimwa, mtoto akikaa hapo mama atakaa wapi? Kumpakata mtoto mapajani si usalama, kwa kuwa gari likigonga kitu, mikono ya mzazi haiwezi kumshikilia, hata mzazi awe na nguvu za namna gani.

Basi gari la viti viwili haliwezi kuwa gari pekee la familia. Hapa mwenye gari na akubali, na akubali mapema, kabla ya kusukumwa. Kitu kinachotolewa kwa hiari hakileti uchungu kama kitu kilichopokonywa.

Tafuteni jina la furaha hiyo

Watu husema tu, "Napenda gari hili kwa sababu lina mbio." Lakini ukimwuliza mtu vizuri utagundua kwamba mbio ni sehemu ndogo. Mmoja anapenda kubadilisha gia kwa mkono wake mwenyewe na kusikia injini ikiitikia. Mwingine anapenda upepo na jua paa likiwa wazi. Mwingine anapenda jinsi gari linavyoshika kona bila kuyumba. Mwingine anapenda kuvutwa nyuma ya kiti anapokanyaga mafuta kupanda mlima. Na mwingine, tuseme kweli, anapenda kutazamwa na watu kituo cha petroli. Hiyo nayo ni furaha, isionewe haya.

Kwa nini tulifahamu jambo hili? Kwa sababu hakuna gari la watu watano litakalompa mtu vyote hivyo. Gari refu kwenda juu lina uzito ulio juu pia, kwa hiyo huegemea upande linapokata kona. Gari zito huchelewa kusimama na huchelewa kugeuka. Hayo ni maumbile ya chuma, hata fundi hawezi kuyabadilisha. Lakini ukijua ile furaha moja unayoipenda kuliko zote, unaweza kutafuta gari la familia lililoihifadhi hiyo, na kuziacha nyingine ziende.

Andikeni orodha mbili

Chukueni daftari. Upande wa kushoto andikeni mahitaji ya nyumba. Msiandike "gari kubwa", maana neno hilo halipimiki. Andikeni mambo yanayoweza kujaribiwa:

1. Viti vya watoto viwili vienee nyuma, na mtu mzima akae katikati.
2. Sanduku la chuma na godoro la mwanafunzi wa bweni viingie siku ya kufungua shule.
3. Nyanya aweze kuingia na kutoka bila kuinama sana wala kupandishwa.
4. Gari lifike nyumbani mashambani wakati wa mvua.
5. Petroli ya mwezi isizidi kiasi fulani. Kitajeni kiasi hicho kwa shilingi.

Upande wa kulia, mwenye gari aandike furaha zake tatu kwa kufuata uzito wake. Tatu tu. Halafu mkubaliane jambo hili: gari mtakalonunua lazima litimize orodha yote ya kushoto, na lazima litimize angalau furaha ya kwanza ya upande wa kulia. Gari likitimiza upande mmoja tu, halinunuliwi. Sheria hii ndogo ina maana kubwa. Inamwambia mwenye gari kwamba furaha yake si mchezo wa kitoto wa kufutwa, na inamwambia mwenzake kwamba haja za nyumba hazitapigwa bei.

Magari yanayoweza kufaa

Tutaje machache, kwa mfano tu. Kila nyumba itapima mfuko wake.

Kama furaha ya kwanza ni nguvu ya kupanda mlima na barabara mbovu si shida, itazameni Subaru Forester yenye turbo. Gari hili lina historia inayowagusa Wakenya. Mwaka 1997 marehemu Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Subaru Impreza, na mwaka huohuo Forester ya kwanza, iliyojengwa juu ya msingi wa Impreza, ilianza kuuzwa. Kwa hiyo anayependa magari ya mashindano hanunui mgeni, ananunua binamu. Injini yake imelazwa, pistoni zikienda kushoto na kulia badala ya juu na chini, na hivyo uzito unakaa chini. Magurudumu yote manne yanavuta. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 2008 ziko kama sentimeta 22 kutoka ardhini, na buti lao lina zaidi ya lita 400. Linganisheni na lile la MX-5.

Kama furaha ya kwanza ni kushika kona, msikimbilie gari refu kwenda juu. Tafuteni gari lenye umbo la chini na buti refu, kama Subaru Levorg, iliyoanza mwaka 2014. Hasara yake ni kwamba nalo liko chini, kwa hiyo kama njia ya mashambani ina mashimo na matope, halitatimiza orodha ya kushoto. Volkswagen Golf GTI ya milango mitano ni ndugu wa njia hiyohiyo. Jina la GTI lilianza mwaka 1976, na tangu zamani sifa yake ni kubeba familia bila kumchosha dereva. Lakini gia zake za kujiendesha zinataka fundi anayezijua, hivyo ulizeni kwanza kama yuko karibu nanyi.

Kama watoto ni wanne, au nyanya na binamu husafiri nanyi kila mara, viti vitano havitoshi. Mazda Premacy na Toyota Wish zina viti saba katika umbo lisilo refu sana kwenda juu, na Premacy iliyotoka tangu mwaka 2005 ina milango ya nyuma ya kuteleza, jambo ambalo mama mwenye mtoto mkononi atalishukuru. Kumbukeni tu kwamba viti vya mwisho vikikaliwa, buti hubaki dogo sana.

Na anayependa upepo? Kwake paa la kioo linalofunguka litasaidia. Halitakuwa sawa na paa lililofunguliwa lote, lakini watoto watalipenda kuliko yeye. Anayependa gia za mkono ajue kwamba magari ya familia ya namna hiyo yanazidi kuwa machache. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Forester za turbo zenye gia za mkono ni za zamani kuliko hapo, kwa hivyo atalitafuta kwa mtu ambaye tayari analo humu nchini.

Mkienda yadi

Nendeni wote wawili. Hili nalisisitiza. Mume akienda peke yake, au mke akienda peke yake, hilo litakuwa gari la mmoja.

Bebeni kiti cha mtoto, mkifunge pale pale. Kama mnaweza, bebeni na sanduku la chuma. Muuzaji akicheka, acheni acheke. Mwambieni nyanya aingie na kutoka mara mbili. Kisha kila mmoja wenu aendeshe, kwanza mjini penye matuta, halafu barabara ya vumbi. Asiyeendesha akae kiti cha nyuma, maana huko ndiko watoto watakakokaa, na gari linalomfurahisha dereva huenda linamtapisha abiria.

Lipeni fundi wenu mwenyewe alikague, wala si fundi wa yadi. Magari yenye turbo yanataka uangalifu zaidi: oili ibadilishwe kwa wakati, na moshi wa buluu ukitoka nyuma, ondokeni. Hakikisheni katika rekodi za NTSA kwamba anayeuza ndiye mwenye gari, na kwamba halina deni la benki.

Na mkiuza lile la zamani, hamisheni umiliki siku hiyohiyo. Ukimpa mtu funguo na jina lako likabaki katika rekodi, likisababisha ajali au likitumika kwa uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Mazungumzo ya fedha

Bei ya yadi ni mwanzo tu. Ongezeni bima. Bima ya kuwalinda watu wengine ni ya lazima kwa sheria, na ile inayolinda hata gari lenyewe hukadiriwa kwa thamani ya gari, kwa hiyo gari la bei hulipiwa zaidi. Ongezeni matairi, petroli na vipuri. Kama karo ya muhula ujao itaguswa ili gari linunuliwe, basi gari hilo si lenu bado. Ngojeni, au teremkeni ngazi moja.

Fedha zilizotoka katika gari la zamani ni za nani? Hapa nyumba nyingine hukwaruzana. Ushauri wetu ni kwamba ziingie zote katika gari jipya, na umiliki uandikwe kwa majina ya wote wawili. Aliyetoa gari lake ametoa kitu kikubwa, na mwenzake aseme hivyo kwa mdomo wake: "Asante. Najua ulichokitoa." Neno hilo halina gharama, lakini nyumba nyingi hulisahau. Naye asiyekuwa na gari aulizwe atatoa nini. Haifai sadaka ya nyumba kutolewa na mmoja kila mara. Pengine ataacha mpango wake wa kubadilisha viti vya sebuleni mwaka huu. Kila mmoja akiona jasho la mwenzake, hakuna atakayehesabu.

Kuliaga gari

Msiliuze gizani kama kitu cha wizi. Mpeane siku moja. Kwa kuwa lina viti viwili, basi safari ya mwisho ni ya wawili. Waacheni watoto kwa shangazi, fungueni paa, mwende pale mlipokwenda mkiwa wachumba. Pigeni picha. Mwenye gari akinyamaza njiani wakati wa kurudi, usimchokoze. Anaaga miaka yake ya ujana, na ujana wake ndio uliokuvutia wewe.

Wengine huuliza: je, tusilifungie tu gereji? Kama mna nafasi, na gharama ya bima na matunzo haiumizi nyumba, si dhambi. Lakini gari lisiloendeshwa huoza: betri hufa, matairi hupasuka, mpira wa breki hukauka. Ni afadhali kumwuzia kijana atakayeliosha kila Jumamosi.

Halafu gari jipya likija, mwenye kupenda magari apewe nafasi ya kulipenda. Asichekwe akitaka rangi nyekundu. Awafundishe watoto majina ya sehemu za injini. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, hupita Naivasha. Pakieni chapati na chai ya chupa, mkae nyuma ya kamba mnapoelekezwa, mtazame vumbi. Kasi ni ya wale walio na kofia za chuma. Ninyi mjini ni kilomita 50 kwa saa, na watoto wamefungwa mikanda. Raha ya barabara yenye kona na wimbo mnaouimba wote haihitaji zaidi ya hapo.

Maswali ya kujadiliana mkiwa wawili

1. Ni kitu gani changu ulichowahi kukidharau, nami sikukuambia kwamba kiliniuma?
2. Katika miaka ya ndoa yetu, nani ametoa zaidi? Je, alishukuriwa?
3. Furaha gani moja ungependa ibaki, hata nyumba ikijaa watoto?
4. Katika orodha ya mahitaji, ni lipi ambalo kwa kweli ni tamaa tu?

Jibuni polepole, pengine baada ya watoto kulala. Msijaribu kumaliza yote usiku mmoja. Na kama gari bado liko nje mlangoni, mnaweza kukaa humo mkizungumza. Viti viwili vinatosha kwa kazi hiyo.